Neno Nililolipiga Chapa Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkutubi Mkuu alinipa taipureta, bunda la kadi na kitabu kinene cha vichwa vya mada kutoka ng'ambo. Kichwa cha mada ni yale maneno ya juu ya kadi yanayomwambia msomaji kitabu kinahusu nini. Kazi yangu, alisema, ilikuwa kunakili tu.

Nilinakili upuuzi mwingi. Dini za babu zetu tuliziweka chini ya ushirikina. Vitabu kuhusu watoto wanaochelewa kujifunza vilipewa neno la Kiingereza lenye maana ya mapunguani. Hilo nilimpelekea bosi. Hakuinua hata macho.

"Hii kitabu imeandikwa na wasomi. Wewe ni nani ubadilishe?"

Nikarudi kwenye taipureta. Niliogopa kufutwa kazi, na woga huo unanikera hadi leo.

Baada ya miaka ya kuzunguka na gari la vitabu katika vijiji vya Ziwa na Ainabkoi, nilirudishwa maktaba ya Eldoret, kwenye dawati la wasomaji. Ndipo akaja mama mmoja wa mtaa wa Langas, mfua nguo, amemshika binti yake mkono. Mwalimu alikuwa amemwambia kuna kitabu cha kumsaidia mtoto huyo. Nikamfungulia droo ya kadi. Akaweka kidole juu ya kadi.

"Madam, hapa wameandika aje?"

Ningeweza kudanganya. Badala yake nikamtafsiria neno lenyewe, mtoto akisikia.

Aliisukuma droo ikafungika. "Basi hii si ya mtoto wangu."

Wakaondoka mikono mitupu. Sikuwaona tena.

Kesho yake niliichana kadi ile. Bosi akaniandikia barua ya onyo, kisha akasimama nyuma yangu hadi nikaipiga chapa upya. Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa, jueni kwamba niliipiga.

Nimestaafu. Leo asubuhi nimeingia maktabani. Kadi zimetupwa, kuna kompyuta. Nikatafuta. Neno liko palepale.

"Mama, system ndio inasema hivyo," akaniambia binti wa dawatini, kwa upole.

"Hiyo system ni mimi! Walinakili kadi zangu. Futa."

"Siwezi, Mama. Mpaka headquarters wakubali."

"Wapigie."

Amepiga. Wamemwambia mkubwa yuko kwenye mkutano. Nimevuta kiti mbele ya dawati lake, na haya ninayaandika papa hapa. Wakifunga mlango, nitarudi kesho.