Diski Niliyojichagulia Kitui

Laptopu yangu ilianza kuugua muhula wa pili, na mimi ndiye niliyejua kwanza, kwa sababu mimi siitazami, naisikiliza. Macho yangu yalizima nikiwa bado msichana wa shule ya msingi. Siku hizi nafundisha Kiswahili katika shule ya upili hapa Kanyangi, na kazi yangu yote ya maandishi inapitia programu inayonisomea kwa sauti kila kilicho kwenye skrini. Nikibonyeza herufi, inaitamka. Nikifungua insha ya mwanafunzi, inanisomea. Basi sauti hiyo ilipoanza kukwama katikati ya neno, ikisema "mwa", halafu kimya kirefu, halafu "nafunzi", nilijua kuna jambo. Niliinama nikaweka sikio juu ya vitufe, upande inakokaa diski, nikasikia mlio mdogo ukijirudia, kama ukucha unaogonga bati.

Walimu wenzangu walinishauri ninunue laptopu mpya. Walinishauri kwa nia njema. Yangu ni ya zamani, ni nzito, na kona moja imepasuka tangu siku ilipoanguka kutoka kwenye boda boda. Lakini vitufe vyake vimeinuka vizuri, vidole vyangu vinavijua bila kuuliza, na mara mbili nimejaribu laptopu nyembamba za siku hizi nikaona ni kama kuandika juu ya kigae. Isitoshe, kilichokuwa kinakufa ni diski peke yake. Mengine yote yalikuwa mazima.

Hofu yangu ilikuwa vitu vilivyokuwa ndani. Maandalio ya masomo na mitihani niliweza kunakili kwenye flashi, polepole, nikisubiri huku nimeshika tama. Folda moja tu ilikataa, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa na rekodi za fasihi simulizi nilizokusanya likizo baada ya likizo. Nilifika hadi Tseikuru nikarekodi wachungaji wakiwaimbia ng'ombe wao kisimani. Nilikwenda Kasikeu nyumbani kwa mama nikarekodi wanawake wa kikundi chake wakitegeana vitendawili vya Kikamba huku wakichambua mbaazi. Ninapofundisha nyimbo za kazi, sisomi maana yake kitabuni. Nabonyeza, darasa linasikiliza. Kila nilipojaribu kunakili folda hiyo, laptopu iliganda.

Jumamosi moja asubuhi niliamua kuifungua mwenyewe. Mume wangu, ambaye ni mkulima, aliketi upande wa pili wa meza akinywa chai. Sikumwomba msaada, naye hakujipendekeza kuutoa. Ndivyo tulivyoishi tangu tuoane, na ndivyo ninavyopenda. Nilitoa skrubu nikazipanga kwenye vifuniko vya soda, za mbele kando na za nyuma kando. Nikaishika diski. Ilikuwa bapa, ukubwa wa kiganja, nzito kwa umbo lake, imefungwa kwenye kifremu cha bati na kuchomekwa ubavuni katika tundu refu jembamba. Nilipapasa ndani kote kutafuta kama kuna tundu la aina nyingine. Halikuwapo. Nilirudisha kila kitu mahali pake, na sasa nilijua ninachokwenda kununua kina umbo gani.

Wiki iliyofuata tukaenda Kitui mjini, mimi na mume wangu, laptopu imefungwa kwa leso ndani ya mkoba.

Katika duka la kwanza, kijana aliyekuwa akiuza alimsalimia mume wangu, kisha akamuuliza, "Mzee, mama anataka nini?"

"Muulize," mume wangu akasema. "Yuko hapa."

Nilimweleza. Kijana alirudi na kitu chembamba kama kijiti cha chingamu akakiweka mkononi mwangu, akasema hicho ndicho cha kisasa, watu wote wanachukua hicho. Nilikipapasa. Meno yake yalikuwa nchani na hayakufanana hata kidogo na tundu nililoligusa mezani kwangu. Nikamwambia kwamba ni kizuri lakini laptopu yangu haina pa kukiweka. Alimgeukia mume wangu tena, nadhani akitafuta mtu wa kukubaliana naye, na mume wangu akanishika kiwiko tukatoka. Nilikasirika kidogo, sitaficha. Hata hivyo yule kijana hakuwa mbaya. Ni mazoea tu. Watu wengi huongea na mtu aliyenishika mkono.

Duka la pili lilikuwa la mama mmoja Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani wakaja kufanya biashara Kitui mpaka wakawa wenyeji. Kiswahili chake kilikuwa laini, kikanifanya nisikie uzito wa ulimi wangu wa Kikamba, mimi ninayekifundisha. Kisha alipomgeukia mteja mwingine akamjibu kwa Kikamba, ungedhani ni shangazi yangu. Aliniuliza mimi, si mume wangu, laptopu ina shida gani. Nilipomaliza kueleza alileta diski mbili akanipa moja baada ya nyingine, bila kuharakisha.

Ya kwanza ilikuwa ndugu ya ile yangu, nzito, yenye sahani inayozunguka ndani. Ilikuwa na nafasi kubwa ajabu. Ya pili, ile wanayoiita SSD, ilikuwa nyepesi kama kipande cha mbao kavu, na haina chochote kinachozunguka. Nafasi yake ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, na bei haikutofautiana sana.

Mume wangu alipendelea ile kubwa. Yeye hufikiri kama mtu mwenye ghala: ukijenga, jenga kubwa, kwani mwaka mwema ukija utaweka wapi mavuno? Tulibishana pale kaunta kwa sauti ya chini. Nilimwambia kwamba nimefanya kazi na laptopu hii miaka mingi na sijawahi kujaza hata nusu, kwa sababu maandishi hayali nafasi na rekodi zangu si filamu. Nilimwambia pia kwamba mashine hii inapanda boda boda kila siku kwenye ile barabara yetu ya mashimo, na kitu kinachozunguka hakipendi kurushwarushwa.

"Shida yangu si nafasi," nikamwambia. "Shida yangu ni kungoja. Nangoja kila neno."

Akasema haya, wewe ndiye utakayeitumia.

Nilichagua ile nyepesi. Mama wa duka aliichomeka kwa waya kwenye laptopu yangu ili ahamishe vyote vilivyomo, kutoka ya zamani kwenda mpya. Programu aliyotumia haikuelewana na ile inayonisomea. Skrini kwangu ilikuwa bubu. Akaniambia atanisomea kila kitu kabla hajabonyeza. Tulipofika mahali pa kuchagua diski ipi inatoa na ipi inapokea, nilimwomba arudie, kwa maana ukizigeuza, ile tupu inaifuta iliyojaa. Alirudia polepole, jina na ukubwa wa kila moja. Ndipo nikamwambia abonyeze.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Tuliletewa chai na mahamri. Baadaye mama wa duka akasema hesabu kwenye skrini imesimama, haisogei. Nilisikia ule mlio wa ukucha ukianza tena, safari hii kwa haraka. Alinishauri kwa upole kwamba pengine tuache, tuhamishe mengine na kuiacha folda ile kubwa, tusije tukakosa vyote. Niliweka mkono chini ya laptopu, upande wa diski. Bati lilikuwa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Una feni?" nikamuuliza.

Alikuwa nayo, ikimpepea yeye. Aliishusha, tukainua laptopu juu ya maboksi mawili ili upepo upite chini, tukakaa. Sikusali kwa sauti, lakini mume wangu aliacha kutafuna, na huyo si mtu wa kuacha kutafuna. Mlio ulipungua, ukawa wa hapa na pale. Kisha mama akasema, "Inasogea, mwalimu." Ilisogea hivyo hivyo, ikijikongoja, mpaka wateja wa alasiri wakaanza kupungua, na ikamaliza.

Alichukua bisibisi ili aiweke ile mpya. Nilinyoosha mkono nikamwomba anipe mimi. Alisita kidogo tu, akanipa, akasogeza vitu vyake kunipisha. Nilifungua, nikaitoa ya zamani, nikahamisha kile kifremu cha bati kwenda kwenye mpya kwa sababu bila hicho ingechezacheza, nikailenga kwenye tundu na kuisukuma mpaka nikasikia imekaa. Nilifahamu kwamba duka lilikuwa limetulia. Kuna utulivu wa watu wanaokuonea huruma, naujua tangu utotoni, na huu haukuwa huo. Skrubu ya mwisho nilipoikaza nilijihisi mrefu.

Nikaiwasha. Zamani ningeiwasha na kwenda kuandaa kiamsha kinywa. Sasa, kabla sijavuta kiti vizuri, sauti ya programu yangu ilikuwa imeshaniomba nywila. Nilifungua folda ya rekodi nikapita juu ya majina yake, nayo ikayasoma moja baada ya jingine pasipo kukwama, kwa ile kasi niliyoizoea.

"Inasema nini?" mama wa duka akauliza, akicheka. "Mbona inakimbia hivyo? Mimi sishiki hata neno."

"Mimi nashika yote," nikasema. Naye akasema basi leo amemwona mtu anayesoma kwa masikio haraka kuliko yeye kwa macho, akaniomba nimfunze kuiwasha programu hiyo, kwa maana ana mteja wa Mwingi ambaye mtoto wake haoni. Nilimwonyesha. Tuliachana tukiwa tumepeana namba za simu.

Rekodi moja ya Tseikuru haikupona. Inafunguka halafu inatoa mkwaruzo mtupu. Likizo ijayo nitarudi huko. Nyingine zote ziko salama, na sasa nimezinakili mahali pawili.

Jioni tulipofika Kanyangi, mume wangu alisimama sokoni na wakulima wenzake, mimi nikamngoja kando. Nilimsikia akiwasimulia. Kwa maneno yake, nilifungua ile mashine kama mtu anayemenya mbaazi, duka zima likafungwa ili watu waje kutazama, na mwenye duka akaniomba nibaki nimfanyie kazi. Duka halikufungwa, wala sikuombwa kazi. Lakini sauti yake ilikuwa imejaa, na wenzake walikuwa wakiuliza maswali, kwa hiyo sikumsahihisha. Nilimwacha amalize.