Mnunuzi wa Kwanza kwa Baba Nirmala

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya nikiwa na miaka minane: niliingia dukani kwa Baba Nirmala asubuhi, kabla ya mteja mwingine yeyote, nikatoka bila kununua kitu. Ninyi mliokulia Karatu enzi zetu mmeshashtuka. Nitaeleza kwa ajili ya watoto wenu, ambao huagiza viatu kwa simu wakiwa wamelala, kisha hulalamika kwamba vimechelewa kufika.

Enzi zile mnunuzi wa kwanza ndiye aliyelifungua duka. Milango ya mbao ya buluu ilikuwa wazi tangu jua linachomoza, lakini hiyo haikuhesabika. Duka lilifunguka pale hela ya kwanza ilipomfikia Baba Nirmala mkononi, akaigusisha kwenye paji la uso, kisha kwenye mizani, ndipo akaidondosha kwenye droo. Kwa hiyo ukiingia wa kwanza, hata kama ulikuja kuuliza bei tu, ulinunua japo kiberiti. Mama alikuwa akituambia, "Usiende kwa watu asubuhi na mikono mitupu na mdomo mrefu."

Na duka lenyewe, jamani. Sentensi hii nimeiandika mara sita na bado hailitoshi. Ukikanyaga kizingiti ulipokewa na harufu ya mafuta ya taa, udi, sabuni ya mche iliyokatwa kwa waya, na majora ya kitambaa yaliyopangwa hadi darini. Sukari ilifungwa kwenye kipande cha gazeti kilichosokotwa kama pembe. Mimi sikuvuka darasa la saba. Kusoma kwa kweli nilijifunza kwenye magazeti yale. Ndiyo maana hadi leo habari nyingi za dunia nazijua nusu: nusu nyingine ilikwenda na sukari ya jirani.

Baba Nirmala tulimwita kwa jina la binti yake, kama tunavyoitana wote. Alikuja kutoka Mbulu kwa baiskeli, sindano, uzi na vitana vimefungwa nyuma. Matope ya masika yakamkwamisha kwetu, babu yangu akampa pa kulala hadi njia ilipokauka. Alipoondoka alikuwa anakijua Kiiraqw, lugha yetu, cha kutosha kumtania babu, na baada ya mavuno akarudi kujenga chumba kimoja cha bati. Chumba kikazaa kibaraza, kibaraza kikapata cherehani ya fundi Tlatlaa, nyuma ikaongezeka stoo, na mwisho, siku ambayo hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyeisahau, likaja lori.

Lori lile tulilisikia tangu Rhotia likikoroma mlimani. Gololi ziliachwa mavumbini, hata aliyekuwa anashinda alikimbia. Vyombo vilikuja vimefunikwa nyasi kavu ndani ya makasha, nasi tuligombania nyasi zile kana kwamba nazo zilitoka Ulaya. Kisha lori liliteremka Mang'ola na bidhaa, likapanda na vitunguu. Karatu nzima tulivaa sare mpya za shule zenye harufu ya vitunguu, na hakuna aliyecheka mwenzake.

Sasa asubuhi ile. Kaka yangu alikuwa anapata kipaimara Jumapili, na mama alinituma bakuli moja la bati la kuwatilia wageni makande. Tangu utotoni mimi ni mtu wa hofu; kitu kikiwa na dosari nahisi dosari ni yangu. Baba Nirmala akaniwekea bakuli juu ya kaunta. Lilikuwa limebanduka rangi ukingoni. Akaleta la pili: ua lake limekaa upande. La tatu lilitikisika kidogo mezani. Nikaomba tena lile la kwanza.

"Wewe unanunua bakuli au unachagua mchumba?" akaniuliza.

Nilipotazama nyuma, kulikuwa na watu wanne wakisubiri kwa adabu, hakuna aliyetaka kunitangulia. Nikageuka, nikakimbia. Pale kibarazani fundi Tlatlaa hakuinua hata kichwa kwenye cherehani yake. "Haya," akasema, "kijana ameshatufungia duka."

Mama alikopa bakuli kwa jirani. "Makande yana haja gani na uso wa bakuli?" akasema, kisha akasahau. Mimi sikusahau.

Kwa sababu haikupita muda, vitu vikaanza kuadimika. Mnaikumbuka miaka ile. Lori lilikwenda Arusha likarudi linagongagonga, tupu. Sabuni ikaisha, tukafulia majivu. Sukari ikaisha, kisha kitambaa, na fundi Tlatlaa akaifunga cherehani yake kwa kamba, akaenda kulima Baray. Watu wazima walizungumzia vita, mafuta, na serikali. Mimi nilinyamaza, maana nilijua chanzo. Chanzo kilikuwa mimi na bakuli.

Msinicheke sana. Nililibeba hilo zaidi ya mwaka. Nilikwenda hadi kuungama kwa padri, nikashindwa kulitamka, nikaungama kwamba nimeiba maziwa, ambayo sikuiba. Kisha siku moja nikamsikia baba akimwambia mama kwamba Baba Nirmala ameandikiwa barua na ndugu zake. Wanamtaka afunge duka, ahamie kwao mjini, na mwisho wa mwezi atajibu. Nirmala nilisoma naye dawati moja. Siku hiyo hakucheza.

Nikauza kuku wangu. Alfajiri iliyofuata, ukungu ukiwa umelala hadi magotini, nilisimama mbele ya milango ya buluu kabla haijafunguliwa. Ndani, rafu zilikuwa nyeupe kama meno. Palikuwa na chumvi, utambi wa taa, na pembeni kabisa, lile bakuli lililobanduka.

"Shikamoo. Nataka lile."

"Marahaba. Lile lina kovu," akasema Baba Nirmala. "Ulilikataa."

Hapo nikamwaga kila kitu: bakuli, mbio, lori tupu, majivu, padri. Nililia hadi kamasi. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya kaunta, kisha akageuza kichwa kuelekea chumba cha nyuma.

"Mama Nirmala, njoo umwone mtu aliyemaliza sukari Tanzania nzima."

Mama Nirmala akaja anafuta mikono, akaelezwa, akacheka hadi akakaa juu ya gunia la chumvi. Lakini Baba Nirmala hakucheka muda mrefu. Aliichukua hela yangu, akaigusisha kwenye paji, kwenye mizani. "Sikiliza, mjukuu wa mzee aliyenilaza," akasema. "Mtu akitoka bila kununua, si mkosi. Ni kwamba sikumwekea anachokitaka. Hilo ni langu, si lako. Leo umenifungulia. Nenda shule."

Mwisho wa mwezi aliwajibu ndugu zake kwamba anabaki. Sisemi ni kwa sababu yangu. Nimejikataza kusema hivyo. Ila lori la kwanza lenye mali liliporudi, makasha hayakupelekwa nyuma ya kaunta. Aliyafungulia kibarazani, akaziondoa nyasi mwenyewe, akatuambia, "Chagueni kwa mikono yenu. Asiyependa aache." Duka ambalo mnunuzi anajichagulia lilikuwa jambo geni kwetu. Watu walikuja kutoka Mbulu kuona tu, wakarudi na mizigo.

Kutoka hapo sikuweza tena kuhesabu vyumba. Duka la pili, la Mbulu, la Babati, kisha jengo la ghorofa Arusha. Sasa Nirmala ndiye mkubwa wa kampuni, na jina lao liko kwenye mifuko hadi miji ambayo sijafika. Kila ninapoliona moyo hunidunda kama lori linapanda Rhotia.

Duka la Karatu sasa ni la vioo, kando ya lami iendayo getini Ngorongoro. Mwezi uliopita nilikwenda alfajiri, hela mkononi, nilifungue kama zamani. Milango ikajitenga yenyewe. Ndani palikuwa na madereva wa watalii wakinunua maji, na binti wa kaunta anatazama simu.

"Shikamoo, mzee. Umesahau kitu jana?"

"Marahaba. Hapana, nimekuja kuwafungulia."

Akanitazama kwa huruma. "Hatufungagi siku hizi, mzee. Tupo masaa yote."

Nikanunua kiberiti, ingawa nyumbani tunapikia gesi. Bakuli langu bado ninalo, na makande hayajawahi kulalamika. Duka la Baba Nirmala halifungwi tena, kwa hiyo halina tena mnunuzi wa kwanza.