Siku Nilipompeleka Ruby Kwenye Tamasha

Habari hii nimeificha miaka mingi, na hata walioniona siku hiyo wanajua nusu yake tu, ile nusu ya kuchekesha, ya leso kunivuka mbele ya watu. Nusu ya pili ndiyo inayoniinamisha uso mpaka leo, kwa hiyo nivumilieni.

Wakati huo nilikaa ughaibuni, mtaa wa Rooty Hill, nikitunza wazee kwenye makao fulani upande wa Westmead. Jirani yangu alikuwa mzungu mjane, Mzee Ken, aliyeishi na mbwa wake Ruby, jike la kahawia, zee kama yeye, nene, likihema kama mtu aliyetoka kupanda ngazi. Januari hiyo Mzee Ken alianguka bafuni akavunjika nyonga, na walipokuwa wakimpakia kwenye ambulensi alinishika mkono, akanipa ufunguo wa nyumba yake, akaniomba nimwangalie Ruby mpaka atoke hospitali, nisimtoe nje jua likiwa kali, akaniambia pia kwamba anaogopa makelele. Nikasema sawa. (Mimi, niliyekulia Kisii nikisikia mbwa akibweka naruka ua, nikasema sawa.)

Tukazoeana. Nikirudi kazini namkuta mlangoni ananingoja, na kwa mtu anayeishi peke yake ugenini hilo si jambo dogo.

Sasa Jumamosi moja kukawa na tamasha la urithi kwenye bustani moja kule Penrith, kila jamii na ngoma zake na chakula chake. Rafiki yangu Espérance, Mrundi aliyelelewa kambini Tanzania, alikuwa na meza ya sambusa na maharage, nami nilikuwa nimeahidi kumsaidia. Ningeweza kumwacha Ruby ndani na feni na bakuli la maji. Lakini tangazo lilisema mbwa wanaruhusiwa, na (wacha niseme ukweli) nilikuwa nimewaona wanawake wa huku wakitembea na mbwa wao, watu wanasimama kuwasalimia, nami miaka minne hakuna aliyewahi kusimama kunisalimia. Nikataka siku moja nionekane mwenyeji. Nikajifunga leso mpya, nikamfunga Ruby kitambaa cha rangi ile ile shingoni, nikamwingiza kwenye gari.

Na walinisalimia kweli. Watu wakawa wanainama kumpapasa, wananiuliza jina lake, nami najibu kwa Kiingereza cha puani kwamba huyu ni mbwa wangu. Jua lilikuwa la kuchoma hasa. Espérance akamtazama Ruby kwa muda.

"Dada Moraa, huyu amechoka. Mrudishe nyumbani."

Nikamwambia nusu saa tu, nikafunga kamba ya Ruby kwenye mguu wa meza, kwenye kivuli, nikaendelea kupokea salamu.

Ndipo Warundi wakaingia na ngoma zao. Kwa pigo la kwanza Ruby aliruka na meza ikamfuata, sambusa zikatawanyika kwenye nyasi, sufuria ya maharage ikamwagikia viatu vya wageni wa heshima waliokuwa wakipita, kamba ikachomoka, Ruby huyo, nami nyuma yake nikiita, na sikuwa nimefika mbali nilipohisi upepo miguuni na kuona leso yangu imebaki nyuma, niko na shimizi mbele ya umati mzima. Watu walicheka. Wengine walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho, na mmoja akainua kamera.

Hapo ndipo pa aibu yangu ya kweli. Nilisimama. Ruby alikuwa bado anaonekana, anakimbilia upande wa magari, nami nikageuka nikaenda kuokota leso, nikaifunga vizuri, nikawapangusa wale wageni viatu nikiomba radhi, nikaokota sambusa moja moja, maana sikutaka waondoke wakisema Waafrika hawana adabu. Dakika kumi nzima, pengine zaidi. Espérance ndiye aliyeniuliza mbwa yuko wapi.

Tulimtafuta karibu saa nzima. Tulimkuta nyuma ya lori, amelala ubavu juu ya lami, lami ya moto isiyokanyagika, kile kitambaa changu bado kiko shingoni. Tulimmwagia maji, Espérance akakishika kichwa chake, tukambeba mpaka kwa daktari wa mifugo. Hakufika hai.

Kesho yake tulimzika uani kwa Mzee Ken, chini ya kamba za kuanikia nguo, mahali alipopenda kulala. Ardhi ilikuwa kavu kama saruji na tulichimba tangu asubuhi. Kisha nikaenda hospitali. Njiani nilitunga uongo kwamba alikufa usingizini, lakini nilipomwona yule mzee akitazama mlango nilishindwa, nikamweleza yote, hata leso, hata zile sambusa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa peke yake?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

Akageuza uso ukutani.

Alirudi baada ya wiki kadhaa, anatembelea fremu ya chuma. Akaniomba nimwonyeshe mahali. Alisimama pale na kandambili zake, akauliza kama tulichimba kina cha kutosha, nikamwambia shimo lilifika kifuani mwa Espérance. Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akanyoosha mkono akasema kwa upole kwamba angependa ufunguo wake wa nyumba.

Nikampa. Mpaka nilipohama tulisalimiana kila siku, lakini ufunguo ule hakunipa tena, nami sikuuomba. Nimejiapiza kwamba mtu akiniachia anachokipenda, nitakaa nacho pale pale alipokiacha, hata tamasha lipite mlangoni kwangu.