Wembe Shingoni mwa Mwalimu

Kinyozi huyu walimwita Hariri, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Wateja ndio waliompa, kwa sababu aliyetoka kwenye kiti chake alikuwa akijipapasa mashavu njia nzima mpaka nyumbani, kama mtu aliyenunua uso mpya. Vinyozi wenzake walishahamia kwenye mashine zamani. Yeye aling'ang'ania wembe wake wa kukunja, povu la moto na taulo la mvuke, pamoja na majivuno yasiyo haba. Ukimsifu aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini alitaka urudie.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Kwanza kidole, halafu kiganja, mwisho ikawa kikombe cha chai hakifiki mdomoni bila kulilowesha shati. Daktari alimpima, akamwambia bila kuzunguka kwamba ugonjwa huo hauna dawa ya kuumaliza. Vidonge vingempunguzia kidogo. Yaliyobaki ni kujifunza kuishi nao. Akamwelekeza kwenye ukumbi wa zahanati ambako wagonjwa wa kila aina walikutana kufanya yoga. Hariri aliificha habari yote. Hata binti yake, aliyenyoa kwa mashine kwenye kiti cha pili mlemle dukani, aliambiwa tu kwamba baba anakwenda kunyoosha mgongo.

Basi akawa mtu wa yoga. Mtu mzima na kitambi chake, amelala chali mkekani kati ya bibi mwenye magoti mabovu na dereva aliyevunjika nyonga, anaambiwa asikilize pumzi yake. Mara ya kwanza alikoroma. Mara ya pili alikasirika, maana mkufunzi, mama mwembamba mwenye sauti ya taratibu, alimwambia auweke ule mkono juu ya tumbo na auache utetemeke. Hariri hakwenda pale kuuacha utetemeke. Alikwenda kuutia breki.

Na kwa muda alidhani amefaulu. Aligundua kwamba akivuta pumzi, akaizuia, kisha akaiachia polepole, mkono ulitulia kiasi cha kupitisha wembe mara moja. Alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Mkufunzi alipomwona anajikaza hivyo mkekani, alimwinamia.

"Kaka, hatuji hapa kuushinda mkono. Tunakuja kuutazama ulivyo, mpaka tuukubali."

Hariri aliitikia vizuri sana, huku ametia pamba masikioni.

Dukani nako mambo yalimnyookea, au ndivyo alivyojiambia. Wateja wake, ambao zamani walibishana mpira na siasa povu likiwaingia mdomoni, siku hizi walikuwa watulivu ajabu. Wakishakaa kitini hawasemi, hawakohoi, hawageuzi shingo. Hariri akaamini kwamba utulivu wake wa yoga unawaambukiza. Siku moja alimwambia binti yake kwamba duka limepata baraka ya amani. Binti aliguna tu, akaendelea kusafisha meno ya mashine yake.

Jumamosi moja asubuhi akaingia Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mteja wa tangu Hariri hajaota mvi, mwenye chunjua chini ya koromeo ambalo wembe ulipaswa kulizunguka kwa adabu. Hariri hakuwa amelala vizuri, na mkono ulijua. Alipounoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, ulitoa mlio wa kukatikakatika. Binti yake alimuuliza kama anahitaji msaada, akajibiwa kwa kifupi kwamba hapana.

Mashavu yalipita salama. Kidevu kikapita kwa shida. Ikabaki shingo.

Hariri akavuta pumzi, akaizuia, akaanza kuiachia. Mkono haukutulia. Akarudia. Ukazidi. Makali yalikuwa yanachezacheza juu ya ngozi ya mzee, pembeni kabisa ya lile chunjua, na kijasho chembamba kilimtiririka kinyozi mgongoni. Akazuia pumzi tena, ndefu kuliko zote, mpaka macho yakamwingia kiza na kifua kikashindwa. Ikamtoka yote kwa mkupuo. Hakuwa na hila nyingine. Akabaki amesimama na wembe hewani, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akatazama.

Aliona vidole vya Mwalimu vimeushika mkono wa kiti mpaka vifundo vimesimama. Aliona koromeo lililokataa kumeza mate, na mshipa wa shingo unaopiga mbio. Mzee alikuwa hapumui. Akainua macho kwenye kioo: mteja aliyekuwa akingoja zamu alikuwa ameinuka nusu kutoka benchini, na binti yake amekumbatia taulo kifuani huku mashine ikinguruma mkononi bila kunyoa kitu. Hapo ndipo alipoelewa. Amani aliyojisifia ilikuwa hofu tupu, na yeye ndiye aliyewatia. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Akauondoa wembe shingoni.

"Mwalimu, unaogopa?"

Mzee alifumbua jicho moja. "Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Sasa mbona unakuja?"

Mwalimu alimeza mate yake yote ya asubuhi ile kabla ya kujibu. "Nisipokuja mimi, utamnyoa nani?"

Hariri alitaka kukasirika. Mwaka juzi mpaka leo wamekuwa wakimletea shingo zao kwa huruma, na yeye anajiona bingwa. Halafu akataka kusema uongo. Ulikuwa tayari mdomoni, kwamba ni usingizi tu, kwamba kesho utakuwa shwari. Wote walikuwa wanausubiri uongo huo, na wangeupokea kwa heshima.

"Mkono wangu unaumwa," alisema. "Daktari amesema hautapona."

Hakuusema ukweli huo kwa sauti kubwa, lakini ilikuwa mara ya kwanza kuusikia kwa masikio yake mwenyewe, na ulimuuma sana. Wembe uliendelea kutetemeka mbele ya macho ya watu. Hakuuficha.

"Mama, njoo umalizie," akamwambia binti yake.

Binti alizima mashine. Alipofika karibu machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Kumbe si mgongo," alisema taratibu, akaupokea wembe. Kisha akauliza chunjua alipitie upande gani.

"Kushoto. Vuta ngozi juu kwanza."

Alisogea pembeni. Yale mazoezi yote ya ukumbini hayakuwa na ugumu huu, kusimama mikono mitupu wakati mwingine ananyoa. Mara mbili nusura aunyakue wembe. Alipumua tu, bila kuzuia chochote, uchungu ukaingia na kutoka pamoja na pumzi. Binti akapitisha wembe, akaufuta, akapitisha tena. Vidole vya Mwalimu vikalegea. Baada ya muda mdomo wa mzee ukafunguka kidogo, na usingizi ukamchukua palepale kitini.

Hariri alimtazama akilala mkononi mwa mtu mwingine. Ilimuuma, na hakujidanganya kwamba haimuumi. Kisha akachukua ufagio kwa mkono uleule wa kulia, akaanza kufagia sakafu. Ufagio ulitetemeka, na nywele zikakusanyika vilevile.