Njia Niliyoitazama kwa Nyuma

Juzi niliingia duka moja mjini Kasulu kununua kamba ya kufungia mbuzi. Muuzaji akaniwekea mapajani bunda jipya la kamba ya katani, na harufu yake ikanipanda puani: kavu, kali kidogo, ya jani lililochacha halafu likaanikwa juani. Nikasahau mbuzi. Miguu ikaanza kunicheza palepale kwenye kiti, na kwa muda nikawa tena mtoto wa miaka saba, nimepiga magoti dirishani mwa treni, nimeagizwa nisilale.

Aliyeniagiza ni Bibi, mama yake baba. Baba alikuwa manamba, mkata katani upande wa Kilosa. Wanaume wengi wa kwetu Makere waliondoka hivyo. Wengine walirudi na blanketi na redio, wengine walirudi na kikohozi, na wengine hawakurudi kabisa. Baba aliondoka nikiwa bado nabebwa mgongoni, na sura yake niliijua kwa kuambiwa tu kwamba paji langu la uso ni lake.

Kisha, katika miaka ile ya sabini, watu wa milimani tukateremshwa na serikali vijijini, nyumba zikapangwa mistari kando ya barabara. Nyumba yetu ya mlimani, ile aliyoiacha baba, ikaachwa iote magugu. Habari zikamfikia hukohuko kwenye katani. Mtu mmoja aliyetoka kule akatuletea maneno yake: “Nasikia mlima umehamwa. Sasa nirudi wapi?” Baada ya hapo, kimya.

Mama alilia. Bibi hakulia. Alisema mama aende akamwone mumewe, na mimi niende naye, kwa kuwa nina kazi. Sisi tuliochunga mbuzi tulifundishwa mapema kwamba ukienda malisho mapya, hugeuki mara moja tu kutazama ulikotoka, unageuka kila baada ya kitambo, maana njia ya kurudi haifanani na ya kwenda. Mti ulioupita ukiwa na matawi unaweza kuukuta upande wa pili una pango tupu. Bibi akaniambia, “Ya kwenda achana nayo, treni inaijua. Wewe niangalizie ya kurudi. Ukimfikia baba yako, umsomee yote mpaka mlangoni.”

Jamani, mpe mtoto kazi ya mtu mzima uone atakavyovimba. Katika lori la kutoka Kibondo lililotushusha hadi Kigoma nilikaa nimegeukia nyuma, nikila vumbi. Stesheni tukakuta treni ya jioni, ambayo kwa desturi zake iliondoka kesho yake asubuhi, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Tulikaa daraja la tatu, benchi za mbao. Nikachagua nafasi ya kuipa injini kisogo. Nikakaa, nikapiga magoti, nikasimama, nikatoa kichwa nje, macho yakajaa moshi, nikakaa tena. “Sabina, umekalia upupu?” mama aliuliza, akinishika sketi nisichomoke dirishani. Mbele yetu aliketi Mzee Shabani, mwenye duka mjini Kasulu, akienda kuona ndugu zake pwani. Alivua kofia yake, akaiweka gotini, akawa ananitazama kwa furaha ya mtu aliyepata mchezo wa bure.

Mwanzoni kazi ilikuwa nyepesi. Kwetu mahali hujulikana kwa mlima wake, na hadi Kazuramimba vilima vilikuwepo, nikavikamata kimoja kimoja. Uvinza nikaikamata kwa wanawake wenye vikapu vya chumvi. Malagarasi nikaikamata kwa mto mpana wenye matete, na harufu ya samaki wakavu iliyoingia behewani ikakataa kutoka. Lakini baada ya hapo nchi ikalala. Miyombo upande huu, miyombo upande ule, na mbingu tupu juu yake. Nikamvuta mama khanga.

“Mama, milima iko wapi?”

Mzee Shabani akacheka. “Imebaki kwenu, mjukuu wangu. Huku nchi ni tambarare mpaka uchoke.”

“Sasa mtu akipotea anaangalia nini?”

“Anauliza.”

Nilimwona mzee mzima anayesema mambo ya aibu. Kwetu mgeni ndiye huuliza njia. Mtu aulizaje njia ya kwenda kwao?

Nikaanza kukamata chochote. Mzinga wa nyuki uliotundikwa mtini. Kichuguu chenye shingo. Nyumba ya watu wa reli, bati lake jekundu, mwanamke ananing'iniza nguo bila kututazama. Nguruka, Usinge, Kaliua yenye harufu ya tumbaku. Kila kimoja nilikifunga kwenye mwenzake kwa kukiimba chini kwa chini, na kila treni ilipoongeza mwendo niliichukia, maana ilikuwa inanipokonya vitu kabla sijavishika vizuri. Abiria wengine walilala midomo wazi. Niliwaonea uchungu kwa jinsi watakavyopotea.

Tulipotoka Tabora giza lilikuwa limeshaingia, dirisha likanionyesha uso wangu tu. Nikajifinya mikono. Nikaimba. Nilipofumbua macho jua lilikuwa juu, udongo mwekundu, vichaka vya miiba, na Mzee Shabani akasema tumefika Manyoni. Nililia kwa sauti. Kipande kizima cha njia ya baba kilikuwa kimepita nimelala, na mama, aliyekuwa na hofu zake mwenyewe, alinifuta kamasi kwa khanga.

Kimamba, mbele kidogo ya Kilosa, tulishuka kwenye harufu hii niliyoikuta dukani, ila kule ilikuwa mbichi na chachu. Katani ilisimama mistari hadi macho yanapokoma. Baba alikuwa mwembamba, viganja vimechanwachanwa, mwenye haya kuliko nilivyotegemea. Yeye na mama waliamkiana kwa kupiga makofi polepole, kama inavyotakiwa kwetu, wakaulizana habari za kila mtu na kila mbuzi.

Tulipokwisha kula, baba akasema bila kumtazama mama, “Mkono mtupu haulambwi, mama Sabina. Na hata ningekuwa nao umejaa, mlima umeshahamwa. Nirudi wapi?”

Mama aliinamisha kichwa. Mimi, ambaye siku zote hizo sikuweza kutulia, nilisimama. “Bibi kanituma nikusomee njia.”

Nikasoma. Kilosa, Gulwe, Dodoma, mlima wa Saranda, Manyoni. Hapo sauti yangu ikakatika. Sikuwa na kingine.

“Itigi,” baba alisema, akiangalia moto. “Halafu Kazikazi. Tura. Goweko. Igalula. Unaingia Tabora.”

Hakusimama. Alipita Kaliua, alipita kwenye matete ya Malagarasi, akanusa chumvi ya Uvinza, akapanda lori Kigoma, akashuka Makere, akavuka kijito chetu, akaanza kupanda mlima kwenye kijia cha nyumbani. Hapo sauti yake ikakatika, kama yangu ilivyokatika.

“Hapana baba,” nikasema. “Huko hatupandi. Ukitoka barabarani ni mstari wa pili, nyumba ya mwisho. Mlango unatazama mlima. Na mafiga Bibi aliyateremsha mwenyewe kichwani, moja moja. Ni yaleyale.”

Baba alifunika uso kwa viganja vyake vile. Mama akaniambia nikae, na kwa mara ya kwanza tangu Kigoma nilikaa nikatulia.

Hatukurudi naye, na kwa miezi mingi niliamini nimeshindwa kazi kwa sababu ya ule usingizi. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba Bibi alijua fika mwanawe hajasahau njia. Mtu aliyeisahau hawezi kuitaja gizani hivyo, kituo kwa kituo, kama anayeitaja kila usiku. Alichokosa baba ni kile kipande kifupi cha mwisho, ambacho mimi nilikijua bila kukikariri.

Baba alikuja msimu wa kuvuna maharage, asubuhi, amebeba blanketi moja. Alishuka barabarani, akauacha mstari wa kwanza, akaingia wa pili, akaja moja kwa moja hadi kwenye moshi wetu. Hakumuuliza mtu.