Bati Kifuani mwa Mtani

Baba yangu alipiga akodioni vibaya, tena kila Jumapili baada ya misa. Mama aliiita mke mwenza mwenye pumu.

Mwaka wa mwisho wa baba nilimwonyesha kwenye simu wakulima wa Brazili wakicheza: akodioni, ngoma kubwa, na pembetatu ya chuma inayogongwa. Kisha watu weusi wa Luiziana, Marekani, na muziki wao wa zaideko: akodioni tena, na jamaa aliyevaa bati la mikunjo kifuani, analikwaruza kwa vijiko. Baba akataka nirudie. Kote wanavuta na kusukuma kama wanaogombania blanketi, kote wanacheza wawiliwawili wakiburuta miguu, na kote kuna chuma cha kushika mwendo.

"Ile ya kwetu iko inakosa chuma," akasema. "Na tuko Likasi, muji ya madini."

Alihadithia jambo hilo mtaa mzima.

Alipokufa, mama hakulia. Alitoa amri moja tu: akodioni iingie kwenye sanduku, iende naye. Mimi niliitaka. Nilimlilia baba, na akodioni nikaililia zaidi; Mungu atanisamehe. Lakini mjane habishiwi.

Kwetu kilio hakikamiliki bila watani, watu wa ukoo mwingine wenye ruhusa ya kumtukana marehemu mbele ya wafiwa. Walikuja wawili. Mmoja alikuwa amejifunga kipande cha bati kifuani, vijiko mkononi. Mwingine alivaa kofia ya baba ya kiwandani, akainyakua akodioni, akafumba macho na kutoa ulimi nje, baba mwenyewe kabisa.

"Huyu muzee alikuwaka anaua nyimbo kila dimanche kisha misa," akatangaza. "Leo nyimbo zimelipiza."

Tulicheka, hata katekista. Bati likakwaruza, na kwa mara ya kwanza wimbo wa baba ukawa na mwendo. Shangazi zangu wakainuka kucheza.

Mama aliinua kichwa pale mkekani.

"Haiko vile," akasema. Watani wakaacha kupiga. "Pale yeye alikuwaka anakosea. Weye kosea."

Mtani akarudia wimbo, akafika pale, akakosea. Ndipo mama akalia.

Walipokuja kufunga sanduku, akodioni ilikuwa mapajani mwa mama, ameikumbatia kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Mimi mpaka leo sijaipata.