Behewa la Mbele

Gwenda Prosser alipika chakula cha shule ya msingi pale Shrewsbury, Uingereza, mpaka nywele zikawa nyeupe, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Kwetu huku mtu akikukanyaga mguu, wewe ndiye unayeomba radhi. Lakini Gwenda alizidi. Aliomba radhi hata kwa milango.

Starehe yake ilikuwa moja tu. Kila majira ya baridi yeye na mumewe Norman walikwenda milima ya Ufaransa kuteleza kwenye theluji. Walianza wakiwa vijana, wakaendelea hata magoti yalipoanza kulalamika. Kisha Norman akaanza kusahau. Mwaka jana, uwanja wa ndege, alipoambiwa avue viatu apite kwenye mashine, alisahau yuko wapi, akawafokea askari, akaangua kilio mbele za watu. Binti yao Bronwen aliposikia safari nyingine inapangwa, alikuja mbio.

"Mama, ukimpoteza Baba huko utaniambia nini?"

"Safari hii hatupandi ndege. Kwenye treni mtu anakaa kitako mpaka afike. Atapotelea wapi?"

"Haya, nendeni. Ila likitokea lolote, Baba anahamia nyumba ya wazee. Sitaki mjadala."

"Mnanijadili kama begi," Norman akadakia kutoka jikoni. "Na siendi kwenye nyumba yenu hiyo. Nitakufa kitandani kwangu."

Kwa hiyo Gwenda aliondoka na hofu yake. Paris, walipokuwa wakibadilisha stesheni, alimshika mumewe mkono mpaka akalalamika kwamba anaumia.

Kwenye treni ya milimani walikuta kiti cha Gwenda kimekaliwa na dada mmoja wa Kifaransa, mtoto mchanga amelala kifuani pake. Mtu mwingine angetoa tiketi yake, mambo yakaisha. Gwenda alisema samahani, kana kwamba mkosaji ni yeye! Akamketisha Norman dirishani, akamwambia, "Usiinuke hapa. Natafuta kiti behewa la mbele, nitakuja kukuchungulia." Njia ya ndani ilikuwa imezibwa na mabegi ya skii za kutelezea, basi akashuka, akapita jukwaani, akapandia mlango wa behewa lililofuata.

Treni iliposhika mwendo aliinuka kwenda kumwona. Mwishoni mwa behewa akakuta ukuta. Aliupapasa huku na huku akitafuta mlango.

"Hapo hupiti, bibi," akasema mzee mmoja mwenye kofia ya sufu. "Hizi ni treni mbili zimeungwa. Zinaachana Chambéry. Sisi tunaingia Italia, wale wa nyuma wanapanda milimani."

"Hakuna kusimama kabla ya hapo?"

"Hakuna. Kwani umeacha nini huko, sandwichi?"

"Mume wangu."

Mzee akacheka, kisha akamtazama usoni, akavua kofia. Simu ya Norman ilikuwa kwenye mkoba wake yeye, kwa sababu Norman aliiacha kila mahali. Alisimama mlangoni njia nzima, hakutaka maji wala kiti. Kila alipofumba macho alimwona mumewe akishuka kwenye stesheni asiyoijua, anazunguka kwenye baridi bila koti.

Na ndivyo alivyomkuta. Mlango ulipofunguka Chambéry alipiga watu kikumbo bila kusema samahani, akakimbia kuelekea nyuma, na mbele yake akamwona Norman na shati tupu, akienda zake kwenye ngazi.

"Norman!" Stesheni nzima iligeuka. "Norman Prosser! Simama!"

Norman hakugeuka. Aliyemsimamisha ni yule dada wa Kifaransa, mtoto mkono mmoja, mkono wa pili umeng'ang'ania shati la mzee. Filimbi ilikuwa imeshalia. Wakamsukuma ndani wote wawili, na mlango ukajifunga nyuma yao.

"Mama, kile kiti kilikuwa chako?" dada akauliza akihema. "Ungeniambia tu. Ningeinuka."

Gwenda aliona aibu. Alimketisha mumewe, akamfunika koti. Norman alitazama theluji dirishani.

"Treni iliposimama nilidhani tumefika nyumbani," alisema. "Nilipoona si nyumbani, nikaanza kutafuta mtu. Ila sikujua ni nani."

"Ulikuwa unanitafuta mimi, mpenzi."

"Sasa hivi najua." Akamshika mkono. "Mpigie Bronwen. Mwambie nimekubali ile nyumba. Mpigie sasa, Gwenda, kabla sijasahau."